Nuru Iliyogawanywa: Historia ya Lenzi za Umbali Mbalimbali katika Upasuaji wa Mtoto wa Jicho

Lenzi inapotoka, uwezo gani hupotea

Mtoto wa jicho ni ukungu unaotanda ndani ya lenzi ya jicho, hasa uzeeni, na tiba yake hadi leo ni moja tu: kuitoa lenzi hiyo kwa upasuaji. Ugumu wa tiba hii unatokana na kazi mbili ambazo lenzi ilikuwa ikizifanya. Ya kwanza ni kupinda miale ya nuru ili ikutane juu ya retina. Ya pili ni kubadili umbo kila jicho linapohama kutoka kitu cha mbali hadi cha karibu. Mwanasayansi wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, aliueleza utaratibu huo mwaka 1855: misuli midogo ya ndani ya jicho inapokaza, nyuzi zinazoishikilia lenzi hulegea, nayo lenzi hutuna na kuongeza nguvu yake. Uwezo huo hupungua polepole tangu utotoni kwa kuwa lenzi huzidi kukakamaa. Kufikia umri wa miaka 45 hivi, watu wengi huanza kuyasogeza maandishi mbali na uso ili wayasome.

Lenzi za umbali mbalimbali zilibuniwa ili kuirudisha kazi ile ya pili kwa kutumia kifaa kisichoweza kubadili umbo. Njia iliyopatikana ni kuigawa nuru: sehemu yake ihudumie vitu vya mbali na sehemu vitu vya karibu, zote kwa wakati mmoja. Nuru inayogawanywa haiongezeki. Kanuni hiyo ya fizikia imeyatawala matokeo ya lenzi hizi tangu jaribio la kwanza, na kila hatua iliyofuata ilikuwa namna mpya ya kuamua nuru itumike wapi na ni hasara gani mgonjwa anaweza kuivumilia.

Kwa karne nyingi swali hilo halikuwepo kabisa. Waganga wa India ya kale, na baadaye wa sehemu nyingi za Asia, Ulaya na Afrika, waliisukuma lenzi iliyoharibika kwa sindano hadi ikazama ndani ya jicho. Mwaka 1747 daktari Mfaransa Jacques Daviel alianza kuitoa nje kwa kupasua, na mbinu yake ikaenea Ulaya. Aliyetolewa lenzi alipata nuru, lakini jicho lake lilikuwa limepoteza theluthi hivi ya nguvu ya kupinda miale. Alivaa miwani minene ya dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 10 au zaidi, iliyokuza vitu kupita kiasi na kupotosha kila kilichokuwa pembeni. Kushuka ngazi au kumimina chai kulihitaji kujifunza upya.

1949: Lenzi ya kwanza ndani ya jicho

Harold Ridley, daktari wa macho wa hospitali ya St Thomas' jijini London, aliwatibu marubani wa kivita wa Uingereza waliopigwa machoni na vipande vya plastiki ya akriliki kutoka kwenye vioo vya ndege zao. Aligundua kwamba vipande hivyo, tofauti na vya chuma, viliweza kukaa ndani ya jicho bila kulichochea. Alikuwa pia na uzoefu wa Afrika: wakati wa vita alitumikia Gold Coast, Ghana ya leo, ambako aliuchunguza upofu wa mtoni na kuandika matokeo yake mwaka 1945.

Tarehe 29 Novemba 1949 Ridley aliweka lenzi ya akriliki katika jicho la mgonjwa aliyetolewa mtoto wa jicho. Kampuni ya Rayner ndiyo iliyoitengeneza. Jicho liliipokea, ila hesabu ya nguvu ya lenzi ilikosea sana na mgonjwa akabaki na tatizo kubwa la kutoona mbali. Kosa hilo lilionyesha mapema jambo ambalo lingekuja kuwaelemea watengenezaji wa lenzi za umbali mbalimbali: hata lenzi ikiwa njema kiasi gani, bila vipimo sahihi vya jicho haifiki inakotakiwa.

Ridley alipolitangaza jambo hilo mwaka 1951 alipata upinzani mkali, ukiwemo wa Stewart Duke-Elder, daktari wa macho mwenye sauti kubwa kuliko wote Uingereza wakati huo. Upinzani huo haukuwa wa wivu mtupu, maana lenzi za awali zilikuwa nzito, nyingine zilihama mahali pake, na macho kadhaa yalivimba au kupata presha ya macho. Hata hivyo uliichelewesha kazi kwa miongo miwili. Heshima ilimfikia Ridley akiwa mzee, alipotunukiwa cheo cha Sir mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya kufariki.

1967 hadi 1999: Vipimo, tundu dogo na kifuko salama

Mambo matatu yalihitajika ili kuigawa nuru kufanikiwe. Kwanza ni tundu dogo. Mwaka 1967 Mmarekani Charles Kelman alianza kuisaga lenzi yenye ukungu kwa mtetemo wa mawimbi ya sauti na kuifyonza kupitia mpasuko mdogo. Mwaka 1984 Thomas Mazzocco alitumia lenzi ya silikoni inayokunjwa, ikapita katika mpasuko uleule. Mpasuko mdogo haukulipotosha umbo la konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, kama ule mkubwa wa zamani.

Pili ni kifuko chembamba kinachoishikilia lenzi. Katikati ya miaka ya 1980 Howard Gimbel wa Kanada na Thomas Neuhann wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walibuni ufunguzi wa duara kamili mbele ya kifuko hicho. Lenzi bandia ikapata makao imara katikati ya jicho. Kwa lenzi ya kawaida, kuhama kidogo si balaa. Kwa lenzi yenye kanda kadhaa za nguvu, kuhama hata kwa sehemu ya milimita hubadilisha kanda inayoikabili mboni.

Tatu ni hesabu. Svyatoslav Fyodorov wa Urusi alitoa kanuni ya kukokotoa nguvu ya lenzi mwaka 1967, na kanuni ya SRK ya Wamarekani ikafuata mwaka 1980. Kukosea urefu wa jicho kwa milimita moja huleta kosa la dayopta 2.5 hadi 3, na urefu huo ulipimwa kwa mawimbi ya sauti hadi mwaka 1999, kampuni ya Zeiss ilipotoa mashine inayoupima kwa nuru bila kuligusa jicho.

1982 hadi 1991: Nusu ya mbali, nusu ya karibu

Wazo la lenzi ya nguvu mbili lilimjia daktari Kenneth Hoffer wa California mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya kumwona mgonjwa ambaye lenzi yake ilikuwa imehama sana na bado aliona vizuri. Ikiwa sehemu tu ya mboni yenye lenzi inatosha kuona mbali, sehemu iliyobaki ingeweza kupewa kazi ya karibu. Aliyetangulia kuweka lenzi ya aina hiyo ni daktari Mwingereza John Pearce, mwaka 1986. Lenzi aliyotumia ilikuwa na duara la katikati, la upana wa milimita 2, kwa ajili ya karibu, na eneo lililolizunguka kwa ajili ya mbali.

Kasoro yake ilitokana na maumbile ya mboni. Juani mboni hubana, na ilipobana ilibakia juu ya duara la karibu peke yake. Mgonjwa aliyetoka nje mchana akaona vitu vya mbali kwa ukungu, wakati ambapo alitarajia kuona vizuri zaidi. Gizani mboni ilitanuka na maandishi yakapotea. Watengenezaji walijifunza kwamba ukubwa wa mboni, ambao huhitilafiana kati ya mtu na mtu na hupungua kadiri umri unavyoongezeka, ulikuwa sehemu ya lenzi watake wasitake.

Mwishoni mwa muongo huo kampuni ya 3M ilileta jibu tofauti. Lenzi yake ilichongwa pete nyembamba sana, zenye kingo kama ngazi za kimo kisichofikia hata unene wa unywele, zilizoutumia mwenendo wa nuru kama mawimbi. Kila sehemu ya lenzi ilituma nuru katika fokasi (mahali miale inapokutana) zote mbili, hivyo ukubwa wa mboni haukuwa na uzito uleule. Gharama yake iliweza kukokotolewa: asilimia 41 hivi ya nuru ilikwenda mbali, 41 karibu, na 18 ikatawanyika bila faida kwa mgonjwa. Waliowekewa walisoma bila miwani, lakini uwezo wao wa kukitofautisha kitu na mandhari yake ulipungua, hasa jioni na katika ukungu. Upasuaji wa wakati huo bado ulitumia mpasuko mpana ulioipinda konea, na kosa dogo lililosamehewa na lenzi ya kawaida halikusamehewa na hii. Si haki kuihukumu lenzi ya 3M bila kukumbuka hilo: iliwekwa kwa mikono na vipimo ambavyo havikuwa vimeifikia.

1997: Idhini ya Marekani na sauti za madereva wa usiku

Mwaka 1997 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha Array, lenzi ya silikoni yenye kanda tano zinazopokezana kazi ya mbali na ya karibu. Ilikuwa lenzi ya kwanza ya umbali mbalimbali kupata idhini hiyo. Utafiti wa mataifa kadhaa uliochapishwa mwaka 2000 uliwalinganisha waliowekewa Array macho yote mawili na waliowekewa lenzi ya umbali mmoja. Asilimia 32 ya kundi la kwanza hawakuvaa miwani kabisa, dhidi ya 8 ya kundi la pili.

Takwimu hiyo ina pande mbili. Faida ilikuwa halisi, na vilevile theluthi mbili ya waliobeba lenzi hiyo bado walihitaji miwani kwa kazi fulani. Pamoja na hayo yalikuja malalamiko ya pete za mwanga kuzizunguka taa. Chanzo chake ni rahisi kukifuata: dereva anapoitazama taa ya gari linalokuja, nuru inayokwenda kwenye fokasi ya mbali huunda picha kali, na ile iliyotengwa kwa karibu hufika kwenye retina ikiwa haijakutana, ikatanda kama duara hafifu kuizunguka picha ile kali. Pete si hitilafu ya kiwanda. Zimo katika mgawanyo wenyewe, na hakuna ung'arishaji wa lenzi unaoweza kuzifuta zote.

2005: Ngazi zinazopungua kimo, na mlango wa fedha

Machi 2005 iliidhinishwa ReSTOR ya kampuni ya Alcon. Pete zake 12 zilikaa katika eneo la katikati la milimita 3.6, na kimo cha ngazi kilipungua kutoka mikroni 1.3 karibu na kitovu hadi 0.2 pembeni. Mchana, mboni ikiwa ndogo, nuru iligawanywa karibu sawasawa. Usiku, mboni ikitanuka, sehemu kubwa ya nuru ilielekezwa mbali, ambako dereva anaihitaji. Huu ulikuwa ubunifu wa kwanza ulioifanya mboni kuwa msaidizi badala ya kikwazo. Katika majaribio ya kuombea idhini, wagonjwa 80 hivi katika kila 100 waliowekewa macho yote mawili walisema hawavai miwani kamwe.

Mwezi Mei mwaka huohuo ulitoka uamuzi wa kiutawala ulioathiri historia hii kama ubunifu wowote. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, iliruhusu mgonjwa alipe mwenyewe tofauti ya bei kati ya lenzi ya kawaida na ile ya umbali mbalimbali. Soko likafunguka na viwanda vikapata sababu ya kuwekeza. Matarajio nayo yakapanda, kwa kuwa mtu aliyelipa maelfu ya dola kutoka mfukoni hupima matokeo kwa kipimo kingine kuliko yule aliyetibiwa upofu.

Kasoro mpya ilionekana katika maisha ya kila siku. ReSTOR ya kwanza iliongeza dayopta 4, kwa hiyo kitabu kilisomeka kikiwa sentimita 30 na kidogo tu kutoka machoni, huku kompyuta iliyo mezani na bei zilizo kwenye rafu ya duka zikiangukia katikati ya fokasi mbili. Mwisho wa mwaka 2008 toleo la dayopta 3 liliidhinishwa, likauhamisha umbali wa kusomea hadi sentimita 40 na kuboresha kiasi uoni wa umbali wa kati.

Hesabu ya faida na hasara

Kadiri lenzi zilivyoongezeka, ushahidi ulianza kukusanywa nje ya viwanda. Mapitio ya shirika la Cochrane, yaliyosasishwa mara kadhaa hadi mwaka 2016, yaliyaweka pamoja majaribio 20 yenye watu zaidi ya 2,200. Uoni wa mbali haukuonyesha tofauti ya maana kati ya lenzi za umbali mmoja na za umbali mbalimbali. Uoni wa karibu bila miwani ulikuwa bora kwa lenzi za umbali mbalimbali, na utegemezi wa miwani ulishuka kwa zaidi ya theluthi moja. Walioripoti pete za mwanga walikuwa zaidi ya mara tatu ya wale wa lenzi za kawaida.

Jaribio lililofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 liliuliza swali gumu zaidi. Lenzi za umbali mbalimbali zililinganishwa na mbinu ya zamani isiyohitaji lenzi maalumu: jicho moja hulengwa mbali na jingine karibu, kwa lenzi za kawaida. Wagonjwa 212 waligawanywa kwa bahati nasibu. Asilimia 71 ya wenye lenzi za umbali mbalimbali hawakuvaa miwani kamwe, dhidi ya 26 ya kundi jingine. Lakini katika mwaka wa kwanza wagonjwa 6 wa kundi la umbali mbalimbali walirudi chumba cha upasuaji kubadilishiwa lenzi, na hapakuwa na hata mmoja katika kundi la pili. Ni ushahidi unaopaswa kusomwa pande zote mbili kabla ya mgonjwa kuweka sahihi.

Wale wasioridhika nao walichunguzwa. Mara nyingi lenzi yenyewe haikuwa chanzo. Kilichoonekana ni kosa dogo la nguvu au astigmatizimu (mpindo usio sawa wa konea) iliyosalia, macho makavu, au ukungu uliojitokeza upya nyuma ya kifuko cha lenzi miezi kadhaa baada ya upasuaji. Ukungu huo huondolewa kwa leza kwa dakika chache, ila kuna mtego ambao madaktari waliufahamu kwa gharama kubwa: kifuko kikishatobolewa, kuitoa lenzi na kuweka nyingine huwa kugumu na kwa hatari zaidi. Ikawa desturi kuhakikisha kwanza kama tatizo ni ukungu au ni lenzi, ndipo leza iguswe.

Ubongo nao una nafasi yake. Retina hupokea picha mbili, moja kali na moja hafifu, na ubongo hujifunza kuichagua inayohitajika. Watafiti wa Coimbra, Ureno, walitumia mashine ya kupiga picha za ubongo na kuonyesha kwamba wiki chache baada ya upasuaji sehemu zinazohusika na umakini na kujifunza hufanya kazi ya ziada mbele ya mng'ao, na kwamba baada ya miezi sita hali hurejea karibu na kawaida. Hii ndiyo sababu wagonjwa wengi huacha kuzijali pete za mwanga bila kufanyiwa lolote, ingawa wapo wachache ambao hawazizoei kamwe.

2010 na baadaye: Umbali wa kati

Simu ya mkononi na kompyuta zilibadilisha maana ya kuona vizuri. Mwaka 2010 kampuni ya PhysIOL ya Liège, Ubelgiji, ilitoa FineVision, iliyobuniwa pamoja na daktari Mfaransa Damien Gatinel. Pete za aina mbili zilichongwa juu ya lenzi moja, na sehemu ya nuru iliyokuwa ikitawanyika bure ikaelekezwa katika fokasi ya tatu, ya umbali wa kati. Zeiss ilifuata, kisha Alcon na PanOptix yake, inayolenga sentimita 40 na 60 pamoja na mbali. Hiyo iliidhinishwa Marekani Agosti 2019 na kuwa lenzi ya kwanza ya fokasi tatu nchini humo. Watu wengi zaidi waliweza kuishi bila miwani. Pete za mwanga zilibaki.

Mkondo wa pili ulichagua kudai kidogo ili kupoteza kidogo. Symfony, iliyopata idhini ya Marekani mwaka 2016, ilirefusha fokasi moja badala ya kutengeneza kadhaa, na Vivity ya mwaka 2020 ilifanya hivyo bila pete za kuchongwa. Lenzi hizi huleta uoni mzuri wa mbali na wa mezani, na wengi wa wanaoziweka bado huhitaji miwani kwa maandishi madogo. Kwa Vivity mng'ao wa usiku uko karibu na ule wa lenzi ya kawaida. Wenye presha ya macho iliyoharibu mishipa, ugonjwa wa katikati ya retina au madhara ya kisukari machoni kwa kawaida hushauriwa wasiwekewe lenzi zinazogawa nuru, kwa sababu jicho ambalo tayari limepungukiwa halina cha kugawa.

Afrika Mashariki na lenzi ya umbali mmoja

Katika Afrika Mashariki mabadiliko makubwa yaliletwa na bei ya lenzi ya kawaida. Kiwanda cha Aurolab kilianzishwa Madurai, India, mwaka 1992, na kiwanda kingine kikafunguliwa Asmara, Eritrea, mwaka 1994 kwa juhudi zilizoanzishwa na daktari Fred Hollows wa Australia. Lenzi ya akriliki ikashuka hadi chini ya dola 10. Hospitali za Tanzania, Kenya na Uganda ziliacha kuwarudisha watu nyumbani na miwani minene, na upasuaji wa mpasuko mdogo usiohitaji mashine ghali ukawa njia kuu.

Lenzi hizo huacha uoni wa karibu bila msaada, na uoni huo si jambo la wasomi pekee. Utafiti uliofanywa wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta zaidi ya watu 60 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea wakiwa na tatizo la kuona karibu. Kuchambua mchele, kutia uzi kwenye sindano, kuhesabu noti na kusoma ujumbe wa simu vyote huhitaji uoni wa sentimita 40. Lenzi za fokasi nyingi hutolewa na hospitali chache za binafsi katika miji mikubwa, kwa wanaomudu kulipa na baada ya vipimo vya urefu wa jicho, konea na retina ambavyo vituo vingi vya wilaya havina mashine zake. Kwa wagonjwa wengine wote kazi ya karibu hukamilishwa kwa miwani ya kusomea, ambayo hupimwa wiki kadhaa baada ya upasuaji, kidonda kikishapona na nguvu ya jicho ikishatulia.